Mstari Ulioinama wa Muhdhar

Siku hizi kijana anayetaka kujua bei ya nyumba huibonyezea simu akiwa amelala kitandani, lakini zamani zile, kule Kuze, Mombasa, bei ilitoka vinywani mwa wazee barazani baada ya vikombe vingi vya kahawa chungu, na mwenye haraka aliambiwa akanunue maandazi, nyumba si kiasi chake.

Baraza yetu ilikuwa mkabala na mlango wa Muhdhar, na haya niliyaona kwa macho yangu. Wazee walimuuliza muuzaji maswali ambayo leo yangeonekana upuuzi. Kisima chako kina maji matamu au ya chumvi? Jirani ana mdomo? Babako alikufa akiwa na ugomvi na nani? Mwishowe Ami Abdulghafur, mkubwa wetu sote, karani mstaafu wa bandarini, alikohoa, akataja bei, na maneno yakaisha. Ukubwa wa nyumba hakuna aliyeuuliza. Ukubwa si siri, wauona. Leo baraza zenyewe zimebomolewa ili tuktuk ipite, na aliyemo ndani ya tuktuk hajui hata kutoa salamu.

Aliyejaribu kuivunja desturi ile kwa rula na penseli alikuwa Muhdhar mwenyewe, naye alikuwa dalali wa nyumba. Mtu mwembamba, kanzu yake fupi kidogo kuliko inavyofaa, kofia imeinamia sikio la kushoto kana kwamba yasikiliza siri. Udalali aliuweza kupita kiasi. Aliwahi kuisifu nyumba moja mbele ya mnunuzi, akayasifu madirisha, akaisifu ngazi, akausifu hata ukungu wa ukutani kwamba ni wa zamani, mpaka mwenye nyumba akaangua kilio na kughairi kuuza. Ujira hakupata. Alirudi barazani akasema, "Lakini mlisikia nilivyosema?"

Mkewe aliitwa Saadia, na nyumba waliyokaa ilikuwa ya marehemu babake Saadia. Nyumba kubwa ya mawe, vyumba chini, vyumba juu, ngazi moja katikati. Warithi walikuwa wawili tu: Saadia mwenye thuluthi moja, na kakake Hussam mwenye thuluthi mbili, kama sheria ilivyo. Hussam alikuwa Jeddah, mhasibu katika kampuni ya mabati, na kwa miaka mingi hakuuliza habari ya nyumba. Halafu mwaka wa tisini na tatu msafiri mmoja akaleta salamu: Hussam yuaja, ataka kuuza.

Saadia alizaliwa katika nyumba ile. Alimwambia mumewe, nasi barazani tukasikia kwa kuwa Saadia hakuwahi kujifunza kusema polepole: "Akiuza kwa mgeni, mimi nawe twende wapi? Kibarani, tukakae na takataka?"

"Hutahama," akasema Muhdhar. "Utazinunua thuluthi zake."

"Kwa pesa gani?"

"Inategemea bei. Nitatafuta bei ya haki, bei ambayo hata nduguyo hataweza kuibishia."

Hapo ndipo alipokosea, kwa kuwa bei isiyobishiwa haijapata kuwako Mombasa. Lakini alikuwa amesikia kwamba mwalimu mmoja, Jared, hufundisha makarani hesabu za takwimu kila jioni katika ukumbi wa kukodi upande wa mjini. Akaenda na kofia yake, akakaa mbele, akiwa mkubwa kuliko mwalimu kwa miaka ishirini na zaidi.

Mwalimu Jared alikuwa kijana mpole. Alimwambia, "Mzee wangu, kila nyumba iliyouzwa ni kitone kimoja. Ukubwa wake unausoma chini hapa, bei yake unaisoma huku kando. Ukishaweka vitone vyote, tafuta mstari mmoja ulionyooka unaopita karibu navyo. Kila kitone, pima kimeachana na mstari kiasi gani, juu au chini. Kiasi hicho kizidishe kwa chenyewe, kisha jumlisha vyote. Mstari wenye jumla ndogo kuliko mistari mingine yote, ndio huo."

"Na kitone kilicho mbali na wenzake?"

"Hicho ndicho huvuta kwa nguvu zaidi."

"Ah," akasema Muhdhar, "kama jamaa wa mbali kwenye mirathi."

"Ukishaupata mstari," akaendelea mwalimu, "nyumba ambayo haijauzwa unaijua bei yake. Angalia ukubwa wake tu, panda mpaka kwenye mstari, soma bei."

Muhdhar alirudi Kuze uso unang'aa, tukadhani ameoa mke wa pili.

Ikabaki kupima ukubwa. Hapa kuna jambo ambalo wajenzi wa leo hawalijui, kwa kuwa hawajui lolote. Dari zetu zilishikiliwa na boriti, miti ya mikoko, na boriti ina urefu wake alioipa Mungu. Kwa hiyo chumba cha mji wetu hakiwi kipana kuliko boriti. Tajiri na maskini walilala katika upana mmoja. Tajiri alizidisha urefu wa chumba, na boriti zikaongezeka. Ukihesabu boriti za dari zote umeujua ukubwa wa nyumba, wala huhitaji utepe. Hilo Muhdhar alilifikiri mwenyewe, na mimi, ambaye simsifu mtu ovyo, namsifu kwa hilo.

Lakini mwanamume haingii vyumba vya ndani vya watu kutazama dari. Kazi ikamwangukia Saadia. Akawa haachi arusi, haachi hitima, haachi mgonjwa. Alipofika alikaa kitako, akainua uso, midomo ikawa yatikisika. Katika hitima moja huko Mkanyageni alikuwa kati ya boriti ya thelathini na ya arubaini pale bibi mwenye nyumba alipomwona, macho juu, midomo yacheza, chozi la moshi wa ubani lamtoka. Bibi yule akadhani Saadia ameshikwa na ibada. Akainua mikono naye. Wa pembeni akainua. Ukumbi mzima ukainua mikono na kuitikia "Amin", na Saadia, aliyechanganyikiwa hesabu, akaanza upya tangu boriti ya kwanza. Walisema baadaye hawajapata kuona dua ndefu kama ile. Tangu siku ile alialikwa kwenye hitima za watu asiowajua.

Bei nazo Muhdhar aliziuliza kwa waliouza. "Nyumba yako uliiuza kwa ngapi?" Akajibiwa, akaandika. Ni hapo penye kisa chote, basi nikieleze wazi. Nyumba kubwa za Kuze hazikuuzwa kwa wageni. Ziliuzwa kwa binamu, kwa mkwe, kwa mtoto wa shangazi, kwa bei tuliyoiita bei ya udugu. Kwenye karatasi ilikuwa pesa ndogo. Lakini juu yake mnunuzi alimwachia shangazi mzee chumba chake mpaka afe, aliwalipia wapwa madrasa, alimtibu muuzaji akiugua. Vyumba vidogo vya kando ya maduka, hivyo viliuzwa kwa wafanyabiashara kutoka nje, pesa kamili mkononi. Muhdhar aliyajua hayo kama alijuavyo jina lake. Lakini aliuliza bei, akatajiwa bei. Fadhila hakuna aliyeitaja, kwa kuwa mtu mwenye adabu hahesabu fadhila, na Muhdhar, mwenye adabu vilevile, hakumwuliza mtu.

Akachora. Alichora juu ya ubao wa katoni ya majani ya chai, akaja nao barazani.

"Tazameni," akasema. Nyumba ya boriti ishirini ilisomeka shilingi laki tatu. Nyumba ya boriti mia na ishirini ilisomeka elfu sitini. Mstari ulitoka juu kushoto, ukashuka kulia kama mzee anayeteremka ngazi.

Ami Abdulghafur alivaa miwani. "Yakhe Muhdhar, umeushika juu chini."

"Sikuushika juu chini."

"Basi nyumba ikizidi kuwa kubwa, bei yapungua?"

"Kila boriti moja yapunguza elfu mbili na mia nne. Ndivyo mstari usemavyo."

"Na nyumba isiyo na boriti hata moja?"

Muhdhar akafuata mstari kwa kidole mpaka ukingoni. "Laki tatu na arubaini na nane elfu."

"Nyumba isiyokuwapo?"

"Ndiyo ghali kuliko zote."

"Mimi ninazo kumi za namna hiyo," akasema Ami Abdulghafur. "Nitafutie wanunuzi."

Tulicheka mpaka muuza kahawa akaweka birika chini. Muhdhar akachukua katoni yake kwenda kwa mwalimu. Mwalimu Jared aliipiga hesabu upya, akakuna kichwa. "Hesabu ni sahihi, Mzee. Ila yaonekana kuna jambo jingine hukuwauliza hawa watu." Muhdhar alisikia "ni sahihi". Yaliyofuata hayakumfikia.

Usidhani alikuwa mjinga tu. Furaha yake ilikuwa na sababu. Nyumba ya Saadia ilikuwa na boriti mia na sitini, kubwa kuliko zote alizoandika. Kama ukubwa huangusha bei, basi Saadia hatahama.

Hussam alishuka na masanduku ya nguo mpya na kikokotoo kilichofungwa kwenye ngozi kama msahafu. Baada ya salamu na chakula aliuliza, "Shemeji, naambiwa umepata bei isiyo na ubishi."

"Nimeipata." Muhdhar akaisimamisha katoni ukutani. "Sisi boriti mia na sitini. Fuata kidole changu. Hapa mstari wagusa chini kabisa, pasipo bei. Hapa wapita, waendelea."

"Waendelea wapi?"

"Chini ya bure."

"Chini ya bure ni wapi, shemeji?"

"Ni kwamba ukimpata mnunuzi, wewe ndiye umlipe. Shilingi thelathini na sita elfu."

Mtu mwingine angeirarua katoni. Lakini Hussam alikuwa mhasibu, na mhasibu huiheshimu karatasi yenye namba kuliko anavyomheshimu mzazi. Alikaa na kikokotoo tangu chai ya asubuhi mpaka adhuhuri, akitafuta kosa la kujumlisha. Hakuliona. Alitoka nje amenywea. Kisha, akiwa amesimama mlangoni, nikamwona uso wamfunguka.

"Shemeji! Kila boriti inayopungua, bei yapanda?"

"Elfu mbili na mia nne."

"Basi nyumba hii haina ubaya wowote. Ni kubwa mno tu."

Muhdhar akaitazama katoni yake. Hilo hakulifikiri.

Siku ya pili akaja Kalama, fundi wa kuaminika kutoka upande wa Kaloleni, mtu aliyefanya kazi bila kuuliza swali. Hussam alimwagiza azibe vyumba kwa mawe na saruji, kimoja kimoja. Ikazibwa ghala. Kikazibwa chumba cha wageni. Cherehani ya Saadia ikatolewa ukumbini, vyungu vikawekwa juu ya cherehani, na paka akakaa juu ya vyungu.

Saadia alimkamata mumewe pale mlangoni, mbele yetu. "Mstari wako utanitoa nyumbani kwa baba."

"Si mstari, ni kakako."

"Kaka alikuja na sanduku la nguo. Silaha ulimpa wewe."

"Saadia, mstari hauna upande."

"Leo usiku utalala nao huo mstari."

Akamgeukia fundi. "Kalama, mwanangu, acha."

"Mama, mwenye mali akisema ziba, naziba," akasema Kalama. "Akisema zibua, nazibua. Zote ni kazi."

Kila ukuta ulipopanda, Hussam alipiga kikokotoo na kutangaza bei mpya dirishani kama mnadi. Alikuwa ameshatoka chini ya bure, akafika laki na themanini. Na kweli, wafanyabiashara wawili wa mjini walianza kupita wakitazama mlango, si kwa ajili ya mstari, bali kwa kuwa waliona mwenyewe amerukwa na akili, na kwa mtu wa namna hiyo hununuliwa rahisi. Saadia aliwaona. Akaingia ndani bila kelele. Kwa Saadia hilo lilikuwa jambo geni.

Ikafika siku ya ngazi. Hussam alipiga hesabu kwamba akiiziba ngazi, ghorofa yote ya juu itatoweka kwa mara moja, na nyumba itabaki kijumba cha thamani kubwa. Alijua dada yake atapinga. Kwa hiyo alimwambia Kalama, nasi tukisikia: "Leo baada ya adhuhuri ziba ngazi. Wala usimsikilize mtu yeyote atakayekukataza. Yeyote, umenisikia?"

"Nimesikia, bwana."

Saadia alipika biriani siku ile. Wapo wanaosema alikusudia. Mimi sijui, ila najua alimpakulia kakake mara tatu. Baada ya chakula Hussam akapanda juu kuteremsha masanduku yake, upepo wa dirishani ukampata, akajinyoosha kidogo. Tulisikia mkoromo wake mpaka ng'ambo.

Alipoamka, ukuta ulikuwa umemfika Kalama utosini.

"Kalama! Acha! Mimi niko huku!"

"Bwana ulisema nisimsikilize yeyote."

"Mimi ndiye niliyesema!"

"Ndiyo, bwana. Na ulisema mara mbili: yeyote." Akapachika jiwe. Kalama hakuwa mjinga. Alikuwa amemtazama Saadia, na Saadia alikuwa amemletea sahani yake ya biriani, nyama juu.

Ukuta ulipokwisha, Saadia alitoa kiti nje, akakaa chini ya dirisha. Hussam akatokea dirisha la juu, jasho lamtiririka. "Dada, mwambie abomoe!"

"Abomoe nini, kaka yangu? Umeigawa nyumba kwa mkono wako. Juu kwako, chini kwangu. Nimeridhika."

"Nitashukaje?"

"Hilo ni la upande wako. Ukuta uko upande wangu."

Mtaa ukajaa. Hussam akatazama chini, akarudi nyuma. Alikuwa ameshanenepa sana kule Jeddah, hawezi tena mambo ya kuruka. Saadia hakumtesa. Kikapu cha kamba, kile ambacho mamake alikuwa akiteremshia pesa za mboga, kilipanda na chai, kikapanda na mikate ya mofa, kikapanda na mto wa kulalia. Muhdhar alisimama katikati ya njia akigeuza uso kwa mkewe, kwa shemeji yake, na kwa katoni, asijue amtetee nani.

Kesho yake asubuhi Hussam aliita kwa sauti ya mtu mwingine. "Ami Abdulghafur! Nauza. Mnunuzi awe yeyote."

Ami Abdulghafur akavuta mkeka wake mpaka chini ya dirisha. "Wauza kwa dada yako?"

"Kwa dada yangu."

"Basi tuanze. Kisima kina maji gani?"

"Ami, kisima wakijua!"

"Kisima kina maji gani, Hussam?"

"Matamu," akasema Hussam. "Baba alikuwa akitugawia kwa zamu, jirani wasikose."

"Jirani ni nani?"

Nikainua mkono. Hussam akanitazama kutoka juu, akacheka kidogo. Maswali yakaendelea, kahawa ikazunguka, naye akapandishiwa yake kikapuni. Lilipofika swali kwamba babake alikufa akiwa na ugomvi na nani, Hussam alisema hakuwa na ugomvi na mtu, akajifuta uso kwa kofia.

Ami akakohoa. Namba ilikuwa imeshatukaa masikioni sote, nadhani ndiyo maana ikatoka. "Thuluthi zako mbili, thelathini na sita elfu. Chumba cha juu ulicholala ni chako kila ujapo, dada yako hatampangisha mtu. Mkikosana, mtasuluhishwa hapa hapa."

"Nimekubali," akasema Hussam.

Saadia akaingia ndani, akatoka na bangili za mahari yake zimefungwa katika leso, zikapanda kwa kikapu. Alivuta kamba mwenyewe, hakumpa mtu. Kisha akakaa kizingitini mwake, akafunika uso kwa buibui, mabega yakamtikisika. Kalama alibomoa, akalipwa kwa kujenga na akalipwa kwa kubomoa, na kwa vyumba vingine vile vile.

Muhdhar peke yake hakutazama bangili wala machozi. Alikuwa amechuchumaa juu ya katoni. "Thelathini na sita elfu!" akapiga kelele. "Mwaona? Mstari ulipatia! Ulikosea alama ya kutoa tu!" Akaweka kitone kipya: nyumba kubwa kuliko zote, bei ndogo kuliko zote. Mstari ukabaki umeinama kwa fahari. Ami Abdulghafur alitaka kumweleza habari ya bei ya udugu, lakini Saadia alimkonyeza. Mtu akishapata bahati kwa sababu isiyo ya kweli, ya nini kumnyang'anya sababu?

Hussam alirudi Jeddah, na kila mwaka akaja kulala chumba chake cha juu, akilalamikia mbu. Muhdhar aliendelea na udalali, akiwashauri wateja wajenge vyumba vidogo. Watu wa siku hizi wamemsikiliza bila kumjua: wamejenga vijumba vya kuku, ghorofa juu ya ghorofa, na wanavilipia bei ya kasri. Labda mstari wake ulikuwa umewahi tu.

Bei za udugu zilikwisha kabla ya mwaka elfu mbili. Aliyenipangisha aliuza kwa mgeni kwa pesa kamili, na mimi nikahamia Kisauni kwa mwanangu, ambako baraza hakuna na majirani hufunga milango ya chuma. Siku niliyohama ndiyo mara ya mwisho kuwaona. Muhdhar alitoka kusaidia, akagombana na mwenye mkokoteni njia nzima jinsi ya kufunga godoro, akatusindikiza mpaka konani. Saadia alikuwa dirisha la juu, akimpigia kelele kwamba amevaa ndara mbili zisizofanana, moja yake, moja ya Hussam. Akainama kujitazama miguu. Akamjibu kwamba zote ni za kutembelea. Saadia akasema arudi abadilishe, ni aibu mbele ya watu. Mkokoteni ukapinda kona wakiwa bado wanabishana, na hakuna kati yao aliyekuwa akinitazama.